Tulipokwenda kwa Mama Mkubwa

2 Julai

Sindano wangu,

Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma. Nakuja huko, tena nakuja na jeshi zima: Msemaji, Tonge, na mizigo ambayo ukiiona utadhani nahama.

Kiwanda kinafungwa wiki moja mwezi wa nane ili wafunge mashine mpya ya kukunja karatasi. Msimamizi ametuambia twende popote tunapotaka mradi tusimsumbue. Nikajisemea, miaka yote ile tuliyolala chumba kimoja tukigombania upande wa dirisha, leo wanangu hawaijui hata sura yako. Tangu uolewe ukahamia huko tumekuwa watu wa barua tu. Haifai.

Msemaji ametimiza miaka mitano na jina lake halijamkosea. Anauliza mpaka ulimi wangu unachoka kumjibu. Juzi alitaka kujua kwa nini unaitwa Sindano. Nikamweleza kwamba kiwandani wewe ulikuwa ukishona vitabu na mimi nikipaka gundi kwenye migongo yake, na kwamba tuliitwa hivyo mpaka msimamizi mwenyewe akasahau majina yetu. Akafikiri weee, kisha akasema, "Basi Mama Mkubwa anachoma." Nikamwambia anachoma ukimkalia vibaya tu. Tonge ana miaka miwili na yeye haulizi chochote. Anabeba tumbo lake nyumba nzima akitafuta cha kuangusha.

Baba yao yuko barabarani na lori lake, kama kawaida. Dereva huyu namwona zaidi ukutani kwenye picha kuliko mezani.

Hili nakwambia wewe tu: nimechoka. Jana Tonge kamwaga chai, nikafoka mpaka jirani akagonga ukuta. Nataka kukaa mahali penye mtu mzima mwingine, anishikie mtoto nami nioge bila kusikiliza mlango. Nijibu upesi, na mpe shemeji salamu zangu.

Wako,
Gundi

11 Julai

Gundi,

Nimemsomea shemeji yako Fundi barua ile akiwa na misumari mdomoni, akacheka nusura aimeze. Njooni. Kitanda cha watoto ameshaanza kukitengeneza, kina kingo pande zote kama boti. Ananiuliza wana urefu gani, namwambia sijui, andaa cha kuwatosha hata wakikua.

Sasa nisaidie na mimi. Wanakula nini asubuhi? Taa iachwe au izimwe? Tonge akilia abebwe au aachwe? Usinicheke. Nyumba yetu haijazoea watoto. Nimeondoa vyupa vyote chini ya meza, mkasi nimeutundika juu. Kule nyuma ya karakana Fundi amechimba tangi la maji ya mvua, limeingia ardhini na kuta zake ni za saruji. Mfuniko wa chuma bado haujaletwa, kwa hiyo amelifunika kwa mbao. Nimemwambia asicheze na hilo, akasema mbao hizo anaweza kuzikanyaga mtu mzima.

Unajua hali yetu, sina haja ya kukueleza. Mwezi uliopita wifi yangu mkubwa alikuja na mwanawe mchanga. Nikampakata. Hazikupita dakika, akamchukua mikononi mwangu taratibu, kama mtu anavyochukua glasi kwa mlevi. Kwa hiyo siku utakapoingia bafuni ukaniachia wako, ujue kwangu si jambo dogo.

Upande wa dirisha nimekutengea. Umeshinda.

Sindano

12 Agosti

Sindano,

Tumefika salama. Tonge alilala njia nzima mapajani mwangu, miguu yangu ikafa ganzi mpaka kondakta akanisaidia kushuka kama bibi kizee. Mafua yake yamekwisha, dawa ya ile zahanati yenu ni kali lakini inafanya kazi.

Sijui nianzie wapi kukushukuru. Kulala mchana! Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kulala mchana. Na ile jioni tuliyopika pamoja tukakumbuka yule mpiga chapa aliyekuwa akikuletea karanga, nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Mwambie shemeji ahsante ya pekee. Pale kituoni nilimwona kama ana neno, anakaribia, anarudi nyuma. Nami nilikuwa nahangaika na mizigo. Kama kuna mahali nilimkosea adabu, niambie, nisije nikakaa nalo bila kujua.

Kuna jambo dogo. Msemaji hasemi. Ndani ya basi hakuniuliza hata swali moja, mwanamke wa kiti cha mbele akageuka akanipongeza kwa kuwa na mtoto mpole. Nilimcheka moyoni, lakini tangu tufike ni hivyo hivyo. Tena hataki kuoga. Akiona ndoo anakimbilia chini ya kitanda. Anakojoa kitandani, yeye aliyeacha mambo hayo zamani. Labda ni uchovu. Labda amekumisi. Wewe ulikaa naye sana, kuna kitu ulikiona?

Gundi

20 Agosti

Gundi mwenzangu,

Nimefurahi mmefika. Nyumba imekuwa kimya, Fundi amekiacha kile kitanda pale pale, kila akipita anakigusa.

Kuhusu Msemaji usijitie wasiwasi. Watoto wakitoka safari huwa hivyo, wanabadili maji, wanabadili hewa, wanabadili kitanda. Mpe muda. Usimlazimishe kuoga, mfute tu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Wala usimuulize sana, maana mtoto ukimuuliza sana anaanza kubuni. Mpe maziwa kabla ya kulala.

Shemeji yako hana neno lolote nawe. Unamjua, ni mtu wa mbao, mbele ya watu ulimi humwishia.

Huku mvua zimeanza. Jirani yangu mshona viatu amehama. Nimenunua mapazia mapya ya chumba mlicholala, ya buluu.

Nakupenda sana. Wabusu watoto.

Sindano

1 Septemba

Sindano,

Barua hii nimeiandika na kuichana mara kadhaa. Hii nitaituma kama ilivyo.

Dereva alirudi Jumatano. Alhamisi mchana alitaka kumbadilisha Msemaji nguo, tulikuwa tunatoka. Alipomshika kola, mtoto alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Akaishikilia ile nguo kwa mikono miwili. Baba yake akarudi nyuma, ameinua mikono, kama mtu aliyeelekezewa bunduki.

Nilimchukua tukakaa kizingitini. Sikumuuliza kitu, nilikuwa nachambua mchele tu. Baadaye akasema mwenyewe, akiangalia ungo.

"Baba Mkubwa alinivua nguo."

Nikamuuliza lini.

"Siku uliyompeleka Tonge kwa daktari."

Nikamuuliza, Mama Mkubwa alikuwa wapi.

"Alikuwepo. Alisema nisikwambie."

Ndiyo hivyo tu. Sikuthubutu kumchokonoa. Dereva alikuwa nyuma ya mlango, amesikia yote. Tangu hapo amekaa na funguo za lori mkononi, nami namzuia.

Nimekaa nikakumbuka. Niliporudi kutoka zahanati mtoto alikuwa amelala katikati ya mchana, nywele zimelowa, amevaa blauzi yako. Ukaniambia alichezea maji ukamwogesha. Sikufikiri mara ya pili, kwa sababu aliyekuwa akiniambia ni wewe. Halafu mume wako hakuniangalia usoni siku zote zilizobaki. Halafu unaniandikia nisimuulize mtoto, atabuni.

Nakuuliza wewe kabla sijamuuliza mtu mwingine yeyote, kwa ajili ya chumba tulichokaa pamoja. Mume wako alimfanya nini mwanangu? Kama kuna jambo na wewe unamfunika, nitakuja huko, na safari hii sitakuja na mizigo.

Mama yake Msemaji

7 Septemba

Gundi,

Mtoto hakusema uongo hata neno moja. Mwongo ni mimi. Fundi hana hatia ya hilo unaloliogopa. Soma yote, nakuomba.

Siku ile, ulipoondoka na Tonge, nilikuwa naanika nguo. Msemaji alikuwa nyuma yangu, ananiuliza kwa nini soksi hazina kushoto na kulia. Nikamwambia nenda kamuulize Baba Mkubwa karakana. Akaenda. Fundi akampa pete ya maranda ya mbao, akamwambia nenda kamwonyeshe Mama Mkubwa. Mimi najua yuko kwake, yeye anajua yuko kwangu. Mtoto akapitia nyuma, akakanyaga zile mbao za tangi. Mbao mbili zilikuwa zimelowa zikaoza kwa chini, hatukuwa tumeona.

Fundi alisikia ubao ukivunjika. Mimi sikusikia kitu, nilikuwa naimba. Nilimwona akipita mbio na aproni yake, nikadhani kuna moto. Nilipofika alikuwa ndani ya tangi, maji yanamfika kifuani, anatafuta kwa mikono. Akamtoa. Gundi, mtoto alikuwa hapumui. Fundi alimlaza pale kwenye udongo, akamgeuza, akamkandamiza mgongo, akamwita, akamkandamiza tena. Mimi nilisimama na shati lililolowa mkononi. Sikusogea. Ningetaka kukwambia nilisaidia, lakini sikusogea. Akatapika maji, akakohoa, akalia. Kilio kile nilikisikia kama adhana.

Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana. Fundi akamvua zile nguo mbichi hapo hapo juani, akavua na shati lake mwenyewe akamfunga nalo, akamleta ndani. Huko ndiko kuvuliwa nguo anakokusema. Tukampa maji ya moto yenye sukari, nikamvalisha blauzi yangu. Fundi akaniambia, "Mama yake akiingia, mwambie hili kwanza, kabla ya karibu." Kisha akaenda kuvunja zile mbao kwa shoka.

Nikabaki naye peke yangu. Nikamwambia, tusimwambie mama, atalia. Akaniitikia kwa kichwa. Nilimwambia hivyo mtoto ambaye nusu saa nyuma alikuwa amekufa.

Ukaingia. Ukaketi kwenye kiti bila kuvua viatu, ukasema, daktari kasema ni mafua tu, na sijui ningefanya nini bila wewe. Nilikuwa nimefungua mdomo. Nikamwona tena moyoni wifi yangu akimchukua mwanawe mikononi mwangu. Nikasema, alichezea maji.

Jioni Fundi akaniuliza kama nimekwambia. Nikamjibu ndiyo, na kwamba umesema lisizungumzwe mbele ya watoto. Kwa hiyo siku zote zile alijua unajua. Aliona jinsi ulivyokuwa ukicheka mezani akasema una moyo mkubwa kuliko wake. Pale kituoni alitaka kukuomba radhi kwa ajili ya mbao, na wewe ukawa unahesabu vikapu.

Huyo unayemdhania ndiye aliyeingia majini. Nimesoma barua yako nimesimama jikoni huku nikimsikia anapiga randa nje. Hajui umeandika nini. Sijui nitamwambiaje.

Mpeleke Msemaji kwa daktari, umwambie alimeza maji mengi. Usingoje. Na mwambie mtoto kwamba Mama Mkubwa amesema aseme, aseme kila kitu, kwa yeyote anayemtaka.

Sina la kuomba.

Sindano

16 Septemba

Sindano,

Daktari amempima kifua. Mapafu ni mazima. Amesema hofu itachukua muda wake, tusiivute wala tusiisukume.

Barua yako nilimpa Dereva aisome mwenyewe. Alipomaliza akatoka, akaosha lori lote, na lilikuwa safi. Aliporudi akaniambia, "Yule bwana nilikuwa nimeshamuua kichwani."

Nilimwambia Msemaji maneno uliyoniagiza. Akaniuliza kama ni kweli, nikasema kweli. Akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka chakula kikapoa. Kila kitu: rangi ya maji kutoka chini, jinsi shati la Baba Mkubwa lilivyonuka mbao, wewe ulivyokuwa umesimama. Alisema, "Mama Mkubwa aliganda." Nilikuwa nimemshika mkono, yeye ndiye aliyekuwa akinipapasa.

Nina hasira mbili na hazikai chumba kimoja. Ya kwanza ni yako. Uliniacha nipande basi na mtoto aliyetoka kuzama, bila kujua, kutwa nzima njiani. Angeweza kuzidiwa mikononi mwangu nami nikampa peremende. Hukunipa nafasi ya kuwa mama yake siku ile. Ulimpa mtoto wa miaka mitano mzigo uliokushinda wewe mtu mzima.

Ya pili ni yangu. Mtu aliyemrudishia mwanangu pumzi, nimekaa siku ngapi nikimfikiria mambo ambayo siwezi kuyaandika. Na sikuyafikiria peke yangu. Nilimwambia dada yangu. Jana nimekwenda kwake kumwambia haikuwa hivyo, nimemweleza mwanzo mpaka mwisho. Ameitikia vizuri, "Alhamdulillahi, afadhali." Halafu akaniuliza, "Lakini una hakika?" Sindano, nimeona kwamba neno lile siwezi kulirudisha lote. Kipande chake kitabaki kwa dada yangu mpaka tufe.

Na bado nikiulizwa kama nilikosea kuuliza, nasema sikukosea. Ningeuliza tena. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Umwambie mume wako au usimwambie, siwezi kukuamulia. Usiniandikie kwa muda.

Gundi

19 Oktoba

Kwa shemeji yangu,

Ni mimi Fundi. Mke wangu hajui kwamba naandika, nitamwambia nikishatuma. Nyumba hii imetosheka na mambo ya kufichana.

Ameniambia yote. Amenipa na barua yako ya Septemba mosi niisome. Nilitaka kukuandikia siku ile ile, na ni vizuri sikuandika.

Sitakudanganya, shemeji, iliniuma, na bado inauma. Nilihamishia godoro karakana. Watoto wa mtaani huwa wanakuja kuokota maranda, wanajifanyia ndevu. Walipokuja niliwafukuza. Kuna kasichana kamoja kakaniuliza, "Fundi, umekasirika?" Nilikuwa naitazama mikono yangu. Sasa wakija nafungua mlango wote wazi, nakaa upande wa barabarani watu wanione. Zamani sikuwa nafikiria mlango.

Lakini nimeisoma barua yako tena kwa utulivu. Mtoto alisema neno moja, nawe ukaacha kila kitu ukamsikiliza, hukujali ni shoga yako, hukujali ni shemeji yako. Ningekuwa na mtoto, ningetaka mama yake awe hivyo. Hayo mawili yote yamo ndani yangu, la kuumia na hilo, nami siwezi kuliondoa lolote.

Sasa la kwangu. Mbao zile niliziweka mimi. Nilimwambia mke wangu zinabeba mtu mzima, na sikuzigeuza kuzitazama chini. Mimi ni seremala, najua maji yanaufanya nini ubao. Hilo nilitaka kukwambia kituoni, nikadhani umeshaniwia radhi kimya kimya, nikaona haya. Naomba radhi leo. Tangi nimelifukia.

Nimerudi kulala ndani. Mwenzako hali vizuri, anafua nguo zilizo safi. Sikuombi umwandikie. Nataka kujua jambo moja tu, kama mtoto anaoga.

Fundi

24 Novemba

Kwa Fundi na Sindano,

Nimeandika barua moja kwa wote wawili makusudi.

Shemeji, anaoga. Anasimama nje ya beseni, mlango wazi, nami namwagia kwa kikombe mguu mmoja mmoja huku akinipa amri. Kichwa bado. Kitandani hakojoi tena. Maswali yamerudi, nayo ni mengi kuliko ya zamani, nadhani yalikuwa yakijikusanya.

Ulichoniandikia nimekisoma mara nyingi. Nakushukuru kwa uhai wa mwanangu, na naomba unisamehe taratibu, kadiri utakavyoweza. Dereva ana lake la kukwambia na hataki kuliandika. Amepata likizo mwisho wa Desemba. Tutakuja sote wanne, mkiturudishia karibu yenu. Ni kwa siku mbili tu, na tutafikia nyumba ya wageni.

Sindano, hasira yangu kwako haijaisha. Nakuja nayo, itafutie mahali pa kukaa. Nilijaribu kukuacha na nimeshindwa, ila sijui tena tutakuwa watu gani wawili. Watoto sitawaacha peke yao na wewe safari hii. Naona ni afadhali nikwambie mapema kuliko uje uone ninavyowafuata kila chumba.

Nilimuuliza Msemaji kama anataka kuja au abaki kwa bibi yake. Akauliza kama Baba Mkubwa atakuwepo. Nikamwambia yupo. Akafikiri, akasema anataka, kwa kuwa ana jambo la kumuuliza.

"Jambo gani?" nikamwambia.

"Siri," akasema. Halafu akanitazama, akausoma uso wangu, akanishika kidevu. "Hapana, mama, si siri. Kiatu changu kimoja kilibaki mle ndani ya maji. Nataka kumuuliza kama alikiona."

Nimemwambia atamuuliza mwenyewe.

Gundi